Kufundisha tamathali za Kiingereza kwa kopasi: uchague nini na uifundishe vipi

Swali: Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Wanafunzi wanakariri orodha za nahau, "raining cats and dogs", "kick the bucket" na nyinginezo, halafu wanazipachika kwenye insha mahali zisipofaa kabisa. Nimeambiwa kopasi za lugha zinasaidia kufundisha tamathali. Nina laptopu moja, bando la simu na darasa la wanafunzi zaidi ya sitini. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, shida uliyoieleza imo kwenye orodha zenyewe. Orodha humpa mwanafunzi maana ya msemo bila kumwonyesha unatumika wapi. Anajua kwamba "kick the bucket" ni kufa. Hajui kwamba ni msemo wa mzaha, na kwamba aliyeuandika kwenye salamu za rambirambi atakuwa amewaudhi wafiwa. Kopasi inaziba pengo hilo, kwa sababu kila msemo unaoutafuta unakujia ukiwa ndani ya sentensi ya mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Na laptopu moja inatosha. Kutafuta utatafuta wewe mwenyewe kabla ya kipindi. Darasani utaingia na karatasi.

Kopasi ni mkusanyiko mkubwa wa matini halisi, za maandishi na za mazungumzo, uliowekwa kwenye kompyuta ili mtu aweze kutafuta neno na kuona kila mahali lilipotumika. Kwa kazi yako, tatu zinatosha. BNC (British National Corpus) ya Uingereza ina maneno milioni 100 na ilikamilika mwaka 1994. Imezeeka kidogo, lakini kwa tamathali za kawaida bado ni nzuri. COCA (Corpus of Contemporary American English) ya Marekani ina zaidi ya maneno bilioni moja, ya kuanzia 1990 hadi 2019, yaliyogawanywa katika makundi manane: mazungumzo ya redio na televisheni, hadithi, majarida, magazeti, maandishi ya kitaaluma, blogu, kurasa nyingine za mtandaoni, na filamu pamoja na tamthilia. Hizi mbili zinapatikana english-corpora.org. Kujisajili ni bure, ila akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa siku. Ya tatu ni tovuti iitwayo SKELL, isiyotaka usajili wowote. Kwa kila neno inakupa sentensi zisizozidi 40, ambazo programu imekwisha kuzichuja ili zisiwe ndefu wala ngumu mno. Kwa mwenye bando dogo, SKELL ndiyo ya kuanza nayo.

Sasa uteuzi, ambao ndio moyo wa jambo lote. Mwanaisimu Rosamund Moon, katika utafiti alioutoa mwaka 1998, alichunguza zaidi ya misemo 6,700 ya Kiingereza katika kopasi ya maneno takriban milioni 18, akakuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya misemo hiyo hutokea chini ya mara moja katika kila maneno milioni moja. Msemo wa namna hiyo mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari bila kukutana nao hata mara moja nje ya kitabu cha nahau. "Raining cats and dogs" umo kwenye kundi hilo, na baadhi ya mistari utakayoipata ukiutafuta ni ya watu wanaouzungumzia msemo wenyewe, hawasemi kwamba mvua inanyesha.

Upande wa pili, watafiti wa Vrije Universiteit ya Amsterdam walichambua neno kwa neno sehemu ya BNC yenye maneno kama 190,000. Katika maandishi ya kitaaluma, maneno 18 na nusu katika kila 100 yalihusiana na sitiari. Katika magazeti ni kama 16, na katika mazungumzo ya kawaida hayakufika 8. Sitiari hizo haziko kwenye mapambo. Ziko kwenye vitenzi na vihusishi vya kila siku: bei "rise" na "fall", ushahidi "supports" hoja, nadharia "rests on" dhana fulani, tatizo "lies in" jambo fulani. Pale ambapo historia, biolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika sekondari zetu, mwanafunzi asiyeziona sitiari hizi anakwama kwenye masomo yote, wala si kwenye insha ya Kiingereza pekee.

Kwa hiyo kabla hujaweka msemo wowote kwenye mpango wa somo, pima marudio yake. Kokotoo ni rahisi: idadi uliyoipata, gawanya kwa ukubwa wa kopasi, zidisha kwa milioni moja. Mara 50 katika BNC ni 0.5 kwa milioni. Mara 50 katika COCA haifiki hata 0.05. Ndiyo maana idadi ghafi kutoka kopasi mbili tofauti haziwezi kulinganishwa. Pendekezo langu: kilicho juu ya 1 kwa milioni kistahili kufundishwa ili mwanafunzi akitumie, kilicho chini ya hapo atambue tu akikiona, isipokuwa kimo kwenye kitabu mnachosoma darasani.

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi darasani: vitenzi vya moto katika lugha ya habari, "spark", "fuel", "ignite", "rekindle". Ni vya kawaida magazetini, na wanafunzi huvichanganya.

Fungua COCA, nenda sehemu ya kutafuta maneno jirani. Andika SPARK_v kwa herufi kubwa hivyo hivyo. Herufi kubwa zinaiambia programu ichukue maumbo yote, "sparks", "sparked", "sparking", na alama ya mwisho inaondoa nomino, cheche zenyewe. Taka nomino tu, kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya nne upande wa kulia, na upande wa kushoto weka sifuri. Utapata orodha ya vinavyoandamana na kitenzi hiki: "interest", "debate", "controversy", "outrage", "protests". Rudia kwa FUEL_v uone "growth", "speculation", "fears", "anger". Ukibofya nomino yoyote, sentensi zake zinafunguka, na neno lako limesimama katikati. Hiyo ndiyo mistari ya konkodansi. Katika SKELL njia ni fupi zaidi: andika kitenzi, kisha fungua ukurasa wa pili unaokupangia viima na yambwa zake.

Usisahau kuonyesha aina ya neno. Ukitafuta "kindle" bila kuonyesha kwamba unataka kitenzi, utafurikwa na kifaa cha kusomea vitabu chenye jina hilo, na "fuel" bila alama itakuletea petroli na dizeli ukurasa baada ya ukurasa. Hata ukiweka alama, programu inayotambua aina za maneno hukosea mara mojamoja, kwa hiyo soma kila mstari kabla ya kuuchukua.

Chagua mistari 12, sita ya "spark" na sita ya "fuel". Ichape katika umbo hili, neno kuu likiwa limepangwa wima katikati ya karatasi. Mistari hii minne nimeitunga ili uone umbo tu. Yako itoke kwenye kopasi.

the sudden rise in bus fares | sparked | protests in three towns
the minister's remarks | sparked | a heated debate about school fees
his silence only | fuelled | speculation that he would resign
cheap loans have | fuelled | a boom in house building

Unaruhusiwa kukata sentensi ndefu pande zote mbili, na unaruhusiwa kubadili jina la mtu au mji usiojulikana kwa wanafunzi. Maneno manne ya kulia na manne ya kushoto yaliyo karibu na neno kuu usiyaguse, kwa sababu humo ndimo kilipo kila kitu unachotaka kufundisha. Mwalimu anayerahisisha hapo anaharibu ushahidi wake mwenyewe.

Kwa kipindi cha dakika 40 na wanafunzi zaidi ya sitini, wagawe wanne wanne. Nakala 16 au 17 zinatosha, na ukizikusanya mwishoni zitatumika mkondo mwingine. Waambie mapema kwamba mistari hii haisomwi kama habari. Hili lisiposemwa, kundi zima litajaribu kuelewa kila sentensi toka mwanzo, litakwama kwenye neno la tatu, na dakika 20 zitakwisha. Waangalie katikati kwanza, halafu kulia, halafu kushoto.

Swali la kwanza liwe la kulia: kinachofuata ni kitu cha kushikika au hali? Watagundua kwamba ni mjadala, hasira, hofu, ukuaji. La pili liwe la kushoto: ni nani au nini kinachowasha? Hapa ndipo penye faida kubwa, maana mara nyingi kiima ni tukio, kauli au uamuzi, ilhali wanafunzi wetu karibu kila mara humweka mtu. La tatu: jambo lililo kulia lilikuwapo kabla au linaanza sasa? Watazame maneno kama "only" na "further" mbele ya "fuelled". Yenyewe yanawaambia kwamba moto ulikwisha kuwaka.

Waachie nafasi wafike wenyewe kwenye tofauti hiyo, kisha waulize Kiswahili kinasemaje. Kauli huzua mjadala. Kauli nyingine huchochea uhasama uliopo. Wanaijua tofauti ya kuzua na kuchochea tangu utotoni, na sasa wameikuta kwa Kiingereza: "spark" inazua, "fuel" inachochea. Maelezo ya namna hii hukaa kichwani kuliko fasili ya kamusi, kwa sababu mwanafunzi ameifikia maana kwa ushahidi na ameitundika kwenye kitu anachokijua. Dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu jambo la shuleni au mtaani kwao, zikifuata mpangilio alioukuta kushoto na kulia.

Ukipata muda wa kipindi cha pili, ongeza "rekindle" wajionee inavyopenda mapenzi, urafiki na matumaini yaliyofifia, kisha "fan the flames", inayoandamana na chuki na vita. Alice Deignan, aliyetumia kopasi kuchunguza sitiari kwa miaka mingi, aligundua jambo hapa: "flame" ikiwa umoja huelekea kwenye mazuri, mwali wa matumaini unaolindwa usizimike, na ikiwa wingi huelekea kwenye mabaya. Yeye ndiye pia aliyeonyesha kwamba majina ya wanyama yanapogeuka sitiari mara nyingi hugeuka vitenzi: "to dog", "to hound", "to ape". Sarufi ya tamathali, kwa maneno mengine, haifanani na sarufi ya neno lile lile katika maana yake ya kawaida, na ukifundisha maana peke yake unaacha nusu ya somo.

Kosa la mantiki la kuliepuka ni hili. Baada ya kuwaonyesha kwamba ugomvi na mijadala huzungumzwa kwa lugha ya moto, baadhi watahitimisha kwamba kila neno la moto linafaa, wataandika "his words cooked a debate" au "the news burned protests". Sitiari ya jumla inaeleza kwa nini maneno yaliyopo yana maana. Haitoi kibali cha kuunda mengine. Mwanafunzi akija na tungo ya namna hiyo, mtafutie kwenye COCA mbele yake. Asipopata kitu katika maneno bilioni moja, ameelewa bila kugombezwa. Lakini sifuri kwenye kopasi ndogo haithibitishi chochote.

Tamathali zinazofanana na zetu kwa sura na kutofautiana kwa maana zinahitaji uangalifu wa pekee, maana mwanafunzi hazishuku. Kwa Kiswahili mwenye kichwa kigumu haelewi upesi au hasikii la mtu. Mwanafunzi anaandika "My brother is hard-headed so he failed". Tafuta "hard-headed" kwenye BNC uone majirani zake: wafanyabiashara, uhalisia, mtazamo wa kibiashara. Huko Uingereza ni sifa ya mtu asiyeyumbishwa na hisia anapoamua. COCA itakuonyesha pia maana ya ukaidi, iliyo karibu na yetu. Mwanafunzi hakukosea kwa Mmarekani, ila Mwingereza atamwelewa vibaya. Mkono mrefu ni mwingine: kwetu ni mwizi, na kwa Kiingereza "the long arm of the law" ni dola inayomfikia mwizi popote alipo. Andaa karatasi moja ya jozi kama hizi kila muhula. Mistari mitano kwa kila upande inatosha, na darasa litachangamka kwa sababu hapo wao ndio wataalamu wa lugha ya upande mmoja.

Nahau zenyewe zina mbinu yake ya kutafuta. Tafuta sehemu isiyobadilika. Ukiandika "turn a blind eye" unapoteza "turned", "turning" na kila sentensi ambayo kitu kimeingia katikati. Andika "blind eye" peke yake, kisha soma. Utaona "to" ikifuata kwa wingi, na baada yake ufisadi, unyanyasaji, uvunjaji wa sheria. Aliyefumba macho huwa ni mwenye wajibu wa kuona, na hilo ndilo la kufundisha. Pale unapotaka kujua kama neno fulani hubadilishwa, weka nyota mahali pake: "leave no * unturned" itakuonyesha jinsi "stone" inavyotawala. Kwa "tip of the iceberg", weka nyota mbili mbele. Mara nyingi utakuta "just the" au "only the", na kinachozungumziwa kwa kawaida ni tatizo. Mwanafunzi atakayeandika kwamba ukarimu wa bibi yake ni "the tip of the iceberg" atakuwa sahihi kisarufi na atasikika vibaya. Mwanaisimu John Sinclair alilionyesha jambo la namna hii kwa "set in": kinacho-"set in" ni uozo, kukata tamaa, maambukizi, karibu kamwe si furaha.

Kuna pia Kiingereza chetu wenyewe. Katika english-corpora.org utakuta GloWbE, kopasi ya kurasa za mtandaoni kutoka nchi 20, Kenya ikiwa na maneno kama milioni 41 na Tanzania kama milioni 35. Itumie unapokutana na matumizi unayoyashuku. "Eat" kwa maana ya kufaidi mali ya umma inajulikana sana katika Kiingereza cha siasa cha Kenya, na chanzo chake kinaonekana: kula rushwa, kula fedha za umma. Usiifute kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni upotovu. Mwonyeshe mwanafunzi mistari ya Kenya na ya Uingereza kwa pamoja, kisha mwambie kwamba kwenye mtihani "embezzle" au "pocket" ndizo zitakazompa alama.

Mtandao ukikusumbua, pakua AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, inayofanya kazi bila intaneti. Kusanya makala 50 za magazeti ya Kiingereza ya hapa, kila moja ikiwa na maneno kama 600, zihifadhi kama faili za maandishi matupu, umepata kopasi ya maneno 30,000. Kwa vihusishi na vitenzi vikuu, "rise", "face", "in", "on", itakufaa, na wanafunzi watazielewa habari zake upesi. Kwa nahau haitakufaa kabisa: kitu kinachotokea mara moja kwa milioni unatarajia kukiona mara 0.03 humo, yaani ungehitaji kopasi za ukubwa huo zaidi ya thelathini ili kukiona mara moja.

Wanafunzi wakishazoea karatasi, wafundishe pia kutambua sitiari bila kopasi, kwa maswali mawili yaliyofupishwa kutoka utaratibu ambao kundi la watafiti liitwalo Pragglejaz lilitoa mwaka 2007. Neno hili hapa lina maana gani? Na je, kwingineko lina maana nyingine inayoshikika zaidi, inayohusu mwili au vitu, ambayo ukiilinganisha na ya hapa unaona uhusiano? Jibu la pili likiwa ndiyo, ni sitiari. Wape aya moja ya kitabu cha jiografia watafute. Kopasi haiwezi kufanya hivi kwa niaba yao, maana inatafuta maumbo ya maneno, haijui ipi ni sitiari na ipi si sitiari.

Kwenye kupima, acha swali la "eleza maana ya nahau zifuatazo", kwa sababu ndilo linalorudisha ukariri uliokuwa ukiukimbia. Wiki mbili baada ya somo, rudisha karatasi ile ile ukiwa umefuta neno la katikati katika mistari yote, na mistari imechanganywa. Wajaze "sparked" au "fuelled", na kila jibu lipigiwe mstari chini ya neno jirani lililowaongoza. Alama moja kwa kitenzi, alama moja kwa jirani. Mwanafunzi aliyepata kitenzi kwa kubahatisha ataonekana, na aliyekosa kitenzi lakini akaona "only" au "further" anahitaji tu kurudishwa kwenye tofauti ya kuzua na kuchochea.